Fasihi ya Kiingereza pamoja na Kifaransa: aache moja au aendelee na yote mawili?

Swali lililoletwa mezani lilikuwa fupi: aache Kifaransa abaki na Fasihi ya Kiingereza peke yake, au avumilie? Aliyeuliza alikuwa binti wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha England, anayesoma shahada ya masomo mawili, nusu Fasihi ya Kiingereza na nusu Kifaransa. Wakati huo alikuwa Ufaransa, katika ule mwaka wa ng'ambo ambao shahada za namna hii huuweka kabla ya mwaka wa mwisho, na matokeo ya muhula wa kwanza yalikuwa yametoka. Uchambuzi wa shairi, 8 kati ya 20. Insha juu ya Montaigne, mwandishi wa Kifaransa wa karne ya 16, 9. Fasihi linganishi, 11. Jina lake, chuo chake na mji aliokuwa akisoma havina kazi hapa, nimeviacha. Mimi niliingia kama mshauri wa masomo asiye wa idara yoyote kati ya hizo mbili.

Nyumbani kwao wanasema Kiswahili. Mama yake alipotajiwa alama kwenye simu alimjibu kwa kifupi: mwanangu, mshika mbili moja humponyoka. Idara ya Kiingereza, iliyomjua kama mwanafunzi wa alama 66 na 68 kati ya 100, ilimwambia karibu, nafasi ipo. Idara ya Kifaransa ilimwambia akaze sarufi. Yeye mwenyewe alikwisha jihukumu kwamba si mtu wa lugha. Watu wanne, na wote wanaelekea kulekule: lugha imemshinda, mzigo umemzidi, apunguze.

Kilichonitia shaka ni alama mbili ambazo hakuzitaja kwenye barua pepe yake ya kwanza. Uandishi na sarufi ya Kifaransa alipata 13. Tafsiri alipata 14. Mtu aliyeshindwa na lugha hapati 14 kwenye tafsiri halafu akapata 8 kwenye uchambuzi wa shairi. Kuna kitu kingine kilichokuwa kikimwangusha, na kilimwangusha pale tu alipotakiwa kuandika juu ya fasihi.

Lakini hesabu kwanza, maana ndiyo iliyomnyima usingizi. Aliichukua 11, akaizidisha kwa tano, akapata 55, akaona ameporomoka. Alama za Ufaransa hazisomwi hivyo. Kule 10 ni kufaulu, 12 huandikiwa sifa ya vizuri kiasi, 14 vizuri, 16 vizuri sana, na juu ya hapo, hasa kwenye fasihi, karatasi ni za kuhesabu. England nako 70 ndiyo mlango wa daraja la kwanza na 60 ndiyo inayoanzia daraja la pili la juu; hakuna anayelia kwa kukosa 90. Vyuo vinavyopeleka wanafunzi ng'ambo huwa na jedwali la kubadilishia alama, kila kimoja na lake. Katika jedwali la chuo chake, 12 ilikuwa tayari ndani ya daraja la pili la juu na 11 ilikuwa imekaa chini yake tu. Jedwali lenyewe lilikuwemo kwenye kijitabu cha maelekezo alichopewa kabla ya kusafiri, kwenye ukurasa ambao, kama ilivyo kwa vijitabu vyote vya namna hiyo, hakuna anayeufikia.

Basi 11 haikuwa msiba. Zilizobaki kuelezwa ni 8 na 9.

Hapa lazima turudi nyuma hadi sekondari. Mtihani wa A-level, ule wa kumalizia sekondari kule England, wa Fasihi ya Kiingereza unadai maandiko yasiyopungua 8. Ule wa Kifaransa unadai kazi 2, na moja kati ya hizo inaweza kuwa filamu. Kijana aliyefaulu vizuri yote mawili anaingia chuo akiwa amejifunza kwa miaka miwili kujenga hoja juu ya tamthilia, riwaya na mashairi ya Kiingereza, na kwa upande wa Kifaransa ana riwaya moja na filamu moja. Halafu ratiba inamgawia krediti 60 huku na 60 kule, kana kwamba miguu yote miwili ina urefu mmoja. Mwanafunzi mwerevu hufanya linalowezekana: huchukua mbinu za upande anaoumudu akazitumia upande wa pili. Binti huyu alifanya hivyo miaka miwili na hakuumia sana, kwa sababu insha za fasihi ya Kifaransa huko England mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na wanaozisahihisha hutumia vipimo vinavyofanana na vya jirani zao wa idara ya Kiingereza. Alipata 58, 59, mara moja 61. Hakuna aliyeshtuka. Alipofika Ufaransa, mkopo ule wa mbinu ulikataliwa.

Nilimwomba anitumie picha za karatasi zenyewe. Swali la insha lilihusu sura ya Montaigne juu ya wala-watu, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1580. Sentensi yake ya kwanza ilisema, kwa Kifaransa kisicho na kosa, kwamba Montaigne hawatetei watu wa Brazili bali anawatumia kuwaaibisha Wafaransa wenzake. Ni sentensi nzuri. Katika idara ya Kiingereza ingemletea alama kabla hajafika aya ya pili, maana huko mwandishi anatarajiwa aweke msimamo mapema kisha autetee kwa maneno ya matini. Msahihishaji wa Kifaransa aliipigia mstari na kuuliza pembeni swali la insha liko wapi. Machoni pake mwanafunzi alikuwa ametoa jibu kabla ya kuuliza.

Insha ya fasihi ya shule na vyuo vya Ufaransa ina taratibu zake, na mtoto wa Kifaransa huanza kuzoeshwa akiwa bado sekondari. Utangulizi huileta kauli iliyotolewa kwenye mtihani, huichambua, hulichomoa humo swali linaloifanya isiwe rahisi kama inavyoonekana, kisha hutangaza mpango. Sehemu huwa mbili au tatu, kila moja na vipengele vyake, na kati ya sehemu na sehemu kuna aya fupi ya kuvusha. Kubwa zaidi ya yote, sehemu ya pili haiongezi mifano juu ya ile ya kwanza, inaitikisa. Sehemu ya tatu inatafuta mahali ambapo mbili za mwanzo zinaweza kuonekana pamoja. Jibu huja mwishoni. Katika mtihani wa saa nne, mtu anaweza kukaa saa nzima kwenye karatasi ya rasimu bila kuandika sentensi hata moja ya insha yenyewe, na wala asionekane mzembe.

Sasa tazama alivyoitumia sehemu nzuri kuliko zote ya matini yake. Montaigne anasimulia kwamba Wabrazili watatu walifika Rouen wakati mfalme Charles IX yuko huko. Ilikuwa mwaka 1562 na mfalme alikuwa na umri wa miaka 12. Wakaulizwa kipi kimewashangaza. Wakasema wanashangaa kuona watu wazima, wenye ndevu na silaha, wanamtii mtoto. Wakasema pia wanashangaa kuona wengine wameshiba pomoni, na wenzao waliokonda kwa njaa wanaomba milangoni mwao bila kuwakaba koo wala kuzitia moto nyumba zao. Walisema na jambo la tatu, lakini Montaigne anakiri amelisahau. Kisha anaifunga sura: haya yote si mabaya sana, lakini ndiyo hivyo tena, hawavai suruali!

Binti alitumia kurasa mbili nzima juu ya suruali hiyo. Ni nani anayesema hapo? Anamcheka nani? Kwa nini kicheko kije mara tu baada ya njaa? Na lile jambo la tatu, je, limesahauliwa kweli au limefichwa kwa sababu lingemgusa mfalme? Sijaona wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza wakisoma kwa makini namna hiyo. Tatizo ni kwamba kurasa hizo alizianza kwenye aya ya pili. Silaha yake kali kuliko zote akaitoa mwanzo, na kurasa tano zilizofuata zikarudia msimamo uleule kwa mifano dhaifu zaidi. Insha ilikuwa imesimama mahali pamoja. Nikipima kwa haki, msahihishaji hakumwonea. Kama angeianza na yale yanayoonekana, kwamba sura inawasifu Wabrazili, kisha akaonyesha kuwa sifa zenyewe zimetolewa kwa kuorodhesha vitu wasivyokuwa navyo, ndipo akaileta suruali, kicheko kile kingebeba uzito wa insha nzima. Ingekuwa insha bora hata kwa vipimo vya England.

Ile 8 ya uchambuzi wa shairi ilikuwa na ugonjwa huohuo, na haina haja ya kuelezwa tena.

Kwa hiyo wale washauri wanne walikuwa wameona kitu cha kweli wakakiita jina lisilo lake. Methali ya mama ilikuwa sahihi kwa zile wiki zenye makataa mawili siku moja, na wiki hizo zipo. Haikueleza kwa nini tafsiri ipate 14. Idara ya Kifaransa ilikuwa sahihi kwamba kuna kitu hajakifunza, ila si sarufi. Ninachokilaumu zaidi ni jinsi shahada yenyewe ilivyopangwa. Alikuwa na idara mbili, washauri wawili, vijitabu viwili vya mwongozo na mitindo miwili ya kutaja vyanzo. Mshauri wake wa Kiingereza hakuwahi kuona insha yake ya Kifaransa hata moja, na wa Kifaransa hakujua kwamba huyu aliyempa 58 ni miongoni mwa wasomaji bora wa mwaka wake upande wa pili wa jengo. Hakuna aliyekuwa mzembe. Haikuwa kazi ya mtu yeyote kuziweka karatasi hizo mbili pamoja.

Kuacha au kutoacha, basi. Nilimwekea mambo mawili yanayopingana. Angehamia Kiingereza peke yake, angeingia mwaka wa mwisho akiwa amesoma nusu tu ya kozi za fasihi walizosoma wenzake, na mapengo yake, hasa fasihi ya karne za kati, yangemgharimu kuliko alivyodhani. Upande wa pili, kusema kwamba mwaka wa Ufaransa umeshalipiwa haikuwa hoja. Ni kweli ulikuwa umeshalipiwa. Kwa mwanafunzi wa England ada ya mwaka mzima wa masomo ya ng'ambo ina kikomo cha asilimia 15 ya ada ya kawaida, na juu yake kulikuwa na viza, ambayo tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya inahitajika kwa anayekaa zaidi ya siku 90 katika kipindi cha siku 180. Lakini fedha iliyokwisha toka haiwezi kuamua mtu asome nini mwaka unaofuata. Kama alama za lugha zingekuwa 7 na 8, na zile za fasihi 13, ningemwambia aache siku hiyohiyo.

Kilichoamua ni swali la pembeni: unasoma nini bila kuambiwa? Alikuwa akisoma Aimé Césaire, mshairi na mwandishi wa tamthilia aliyeandika kwa Kifaransa. Kozi ya fasihi linganishi, ile ya 11 iliyomliza, ilikuwa imeweka pamoja The Tempest ya Shakespeare na Une tempête ya Césaire, na tangu Novemba alikuwa hajaacha kuizungumzia. Ufaransa fasihi linganishi ni somo lenye walimu wake, na wanaosoma fasihi ya Kifaransa hulikuta kwenye mtaala wao. Mwanafunzi mwenye lugha mbili darasani humo ana faida ambayo wenyeji wengi hawana: matini ya Kiingereza haisomi kwa tafsiri. Aliyokuwa ameipata humo ni 11, bila kujua utaratibu wa insha. Akiujua je?

Mpango wa muhula wa pili ulikuwa mwepesi kuueleza na wa kuchosha kuutekeleza. Kila wiki aandike mpango mmoja wa insha, utangulizi na vichwa vya sehemu basi, asiandike insha yenyewe. Aupeleke kwa mwalimu wa darasa dogo la mazoezi, ambaye kwenye vyuo vya Ufaransa mara nyingi ndiye anayeisahihisha kazi, wala si yule profesa wa ukumbini. Aliona aibu kwenda mara ya kwanza. Mwalimu alimwambia kwamba miaka yote wanafunzi wa kubadilishana huja na insha zinazoanzia mwisho, na wachache ndio huuliza.

La tasnifu ya mwaka wa mwisho lilikuwa gumu zaidi, na humo ndimo nilimotumia muda wangu mwingi. Alitaka kuanzia kwa Montaigne, apite kwa John Florio aliyemtafsiri kwa Kiingereza mwaka 1603, afike kwa Shakespeare, amalizie kwa Césaire. Njia hiyo ipo kwenye matini zenyewe. Katika tendo la pili la The Tempest, mzee Gonzalo anapoeleza angeitawalaje nchi isiyo na biashara, mahakimu wala mikataba, maneno yake yanafuata ya Florio karibu hatua kwa hatua, na Florio anamfuata Montaigne. Florio mwenyewe alikuwa mwalimu wa lugha, mzaliwa wa London mwenye baba Mwitaliano, na alikwisha chapisha kamusi ya Kiitaliano na Kiingereza mwaka 1598. Halafu mwaka 1969 Césaire anaigeuza tamthilia: Caliban ni mtumwa mweusi, Ariel ni chotara, na Caliban anapoitwa na Prospero, bwana wao wote wawili, kwa mara ya kwanza, neno linalomtoka ni "Uhuru!" Prospero analikemea kama lugha ya kishenzi. Mama alipohadithiwa aliuliza kama huyo Mfaransa alikuwa Mswahili. Alikuwa mtu wa Martinique, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa.

Mwaka huohuo wa 1969 ndio Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice ya Shakespeare, na binti, aliyekwisha pata moto, alitaka kumwongeza kama sura ya tano. Nilimkataza. Si kwa sababu wazo ni baya, bali kwa sababu katika idara hizo mbili hakukuwa na mtu wa kuisahihisha, na sura isiyo na msahihishaji huhukumiwa kwa kukisia.

Kikwazo kilikuwa kanuni. Tasnifu ya Kiingereza ilibeba krediti 40, ya Kifaransa 20, na wa masomo mawili alitakiwa achague moja, chini ya msimamizi mmoja. Akichagua Kiingereza, Montaigne na Césaire wangegeuka usuli. Akichagua Kifaransa, Shakespeare angepata aya mbili. Barua zilikwenda na kurudi tangu Machi hadi Juni. Hakuna aliyekataa, kila mmoja aliridhia mradi mwenzake aridhie kwanza. Hatimaye zikakubaliwa krediti 40 zinazohesabiwa 20 kila upande, maandishi kwa Kiingereza, nukuu za Kifaransa zisizotafsiriwa, na wasahihishaji wawili, kila mmoja na vipimo vya idara yake.

Muhula wa pili alipata 12 kwenye insha na 13 kwenye fasihi linganishi. Kwenye tamthilia za karne ya 17 alipata 9 tena, na safari hii sababu ilikuwa nyepesi: hakuwa amezisoma za kutosha. Wastani wa muhula ulimvusha.

Alichokuwa hakukitarajia kilimkuta aliporudi England. Insha yake ya kwanza ya mwaka wa mwisho, juu ya ushairi wa Kiingereza, ilikuja na utangulizi unaotangaza mpango, sehemu tatu zilizolingana kama matofali, na msimamo uliojitokeza kwenye ukurasa wa mwisho. Ilipata 61. Msahihishaji alilalamika kwamba mwandishi anazunguka. Muhula mzima ulimwendea katika kujifunza kuutumia utaratibu wa Kifaransa kwenye rasimu na kuuficha kwenye nakala safi. Wenzake wa somo moja hawakuwa na kazi hiyo, na sidhani ni haki kumficha hilo anayefikiria shahada kama hii: gharama yake haiko kwenye saa za maktaba, iko kwenye miezi ambayo unaandika vibaya pande zote mbili.

Tasnifu ilipata 74 kwa msahihishaji wa Kiingereza na 63 kwa wa Kifaransa. Wa kwanza alipendezwa na namna alivyoisoma hotuba ya Gonzalo dhidi ya Florio, mstari kwa mstari. Wa pili alisema sura ya Césaire inaegemea mno wahakiki wanaoandika kwa Kiingereza, ilhali kuna uhakiki mwingi wa Kifaransa ambao hakuugusa. Alikuwa sahihi, na binti alikubali bila kinyongo. Wakaafikiana 68. Alihitimu kwa daraja la pili la juu, na jina la shahada lina masomo yote mawili.

Kanuni ya tasnifu haikubadilishwa. Ruhusa yake iliandikwa kama ya mtu mmoja, kwa mwaka mmoja, na kijitabu cha mwaka uliofuata kilitoka na maneno yaleyale: mwanafunzi wa masomo mawili achague idara moja. Nimemshauri mwanafunzi mwingine wa Kiingereza na Kihispania aanze kuandika barua zake mwezi wa Oktoba, asingoje Machi.